Programu haijui kabati lako lina nini

Juzi dada mmoja anayesoma kemia kaniandikia: "Kaka, AiZynthFinder imenipa njia saba za kutengeneza molekuli yangu. Nishike ipi?" Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilinila miezi minne ya uzamili.

Nilitakiwa kutengeneza amodiakwini, dawa ya malaria, ya kulinganishia na molekuli zangu mpya. Programu hizi ni kama mtu anayefumua mkeka ajue ulivyosukwa: zinashika molekuli nzima na kuikata kurudi nyuma, hadi zifike kwenye kemikali zinazouzwa, hapo zinasimama. Wanakemia Corey na Wipke walikuwa kwenye mchezo huo tangu 1969. Hii AiZynthFinder, ya kampuni ya dawa ya AstraZeneca, ni ya bure, imesomeshwa hataza za Marekani. Mimi ikanipa njia ya hatua moja, ikaipa alama za juu. Nikaingia nayo kwenye semina kifua mbele.

Hatua hiyo ilitaka amini, yaani kemikali ya aina fulani yenye naitrojeni, iliyokwisha tengenezwa. Inauzwa, programu ilisema. Kweli inauzwa, Ulaya. Kibali, forodha, njoo kesho. Ikaja gramu moja, nikaiharibu jaribio la kwanza. Semina iliyofuata mwalimu mmoja akaniuliza mbele ya watu kama tasnifu itatetewa na mashine. Mpaka leo linaniuma.

Na suluhisho lilikuwa kabatini! Kopo la parasetamoli la mazoezi ya mwaka wa pili, lebo imeliwa na asidi. Parasetamoli na fomalini na daiethailamini, kisha unakiondoa kipande cha asetili cha parasetamoli kwa asidi ya haidrokloriki: amini ndiyo hiyo. Njia ya wazee. Programu haikuifikia kwa sababu ilishaikuta amini "dukani".

Kwa hiyo, dada yangu, hesabu chupa kwanza. Ziandike kwa SMILES, namna ya kuandika molekuli kwa herufi, moja kila mstari, uzigeuze ziwe orodha ya programu badala ya ile ya maduka ya ng'ambo. Nilipofanya hivyo ikateremka yenyewe hadi kwenye parasetamoli. Alama za juu za programu si mavuno ya maabara. Tunapenda sana kuonekana wa kisasa, stoo hatuingii, tunaogopa vumbi. Ingia stoo. Hesabu chupa.

Njia zako saba sijazitazama. Nitumie pamoja na picha ya kabati, milango ikiwa wazi.