Kabla mchicha haujafika kwenye mashine

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima metali kwenye mboga na udongo hapa Arusha, najua mnatamani kushika mashine. Mtaishika. Ila majibu mengi mabaya huharibikia mezani, mashine haijawashwa.

Chukua mchicha wa kando ya Mto Themi. Geuza jani uone tope lililokauka kwenye mishipa. Ukilisaga hivyo, umepima udongo. Kama unataka kujua mlaji anakula nini, lioshe kama linavyooshwa jikoni, kisha suuza kwa maji yaliyoondolewa madini. Chuma na alumini zikipanda pamoja isivyo kawaida, shuku tope kabla hujamshuku mkulima. Na ikionekana kromiamu na nikeli, kagua visu vya mashine ya kusagia.

Sasa hapa naomba mnisikilize sana. Pima uzito kabla ya oveni na baada yake, uandike vyote viwili. Mchicha ni maji kama asilimia 90. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, cha kadimiamu kwenye mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo, na ni mboga mbichi. Ukipata 1.5 kwenye unga mkavu, mbichi ni kama 0.15, haijavuka. Asiyebadilisha hesabu ataandika imezidi mara saba, na mama anayeuza mboga soko la Kilombero atakosa wateja bure. Inaniuma kila nikiona ripoti isiyosema ni uzito upi.

Kila mkupuo, weka chupa moja isiyo na mchicha: tindikali ileile ya naitriki unayoyeyushia mchicha, moto uleule, muda uleule. Ikisoma risasi, imetoka kwenye tindikali au vyombo. Weka pia unga wa majani wenye kiwango cha metali kilichothibitishwa, upite njia hiyohiyo.

Udongo wa kahawa wa Moshi una swali lake. Muulize mwenye shamba mrututu, ile dawa ya shaba, umepigwa miaka mingapi, maana shaba yake hubaki juu juu ardhini. Tindikali kali itakupa karibu shaba yote iliyomo. Myeyusho wa DTPA, kemikali inayoshika metali, wa pH 7.3, ukitikiswa saa mbili, hukupa ile ambayo mizizi inaweza kuifikia. Namba hizo hutofautiana sana, kwa hiyo taja njia uliyotumia kwenye mstari uleule wa jibu.