Zawadi kwa mtoto anayependa kusoma, baada ya kukosea mara mbili

Binti wa kaka yangu alipotimiza miaka tisa nilimpelekea kitabu cha maswali na majibu ya mtihani wa darasa la nne. Nilikifunga kwa karatasi ya kumetameta, nikapanda basi kutoka Dar hadi Muheza, nikamkabidhi mbele ya watu. Akafungua, akasema, "Ahsante, shangazi," akakiweka juu ya kabati. Miezi minne baadaye nilikikuta palepale, redio imekalia juu yake. Wifi alijaribu kunisitiri: "Anakitunza asije akakichafua, wifi."

Mwaka uliofuata nikakosea kwa upande wa pili. Nilinunua kitabu kinene cha Kiingereza chenye jalada gumu, kwa bei nisiyoitaja kwa sababu kaka yangu anaweza kuyasoma haya. Mtoto mwenyewe yuko shule ya msingi ya serikali, anasomeshwa kwa Kiswahili. Alitazama picha, ambazo hazikuzidi sita, basi.

Na huyu ni mtoto anayesoma kila kitu! Anasoma maandishi ya pakiti ya chumvi, anasoma bango la zahanati, anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi kabla hajala andazi lenyewe. Aliyekosea ni mimi. Nilikuwa nampa mitihani na kuiita zawadi.

Siku hizi naanza kwa kumuuliza swali moja tu: kitu gani umekisoma ukacheka peke yako? Jibu lake ndilo linaloniongoza dukani. Kama tuko pamoja, namwacha afungue ukurasa wowote wa katikati na kukunja kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kinamsubiri mwakani. Njia hii naipenda kwa sababu mtoto anajipima mwenyewe, wala hakuna mtu mzima wa kumwambia "hiki kigumu kwako".

Kwa vitabu vipya vya Kiswahili, tafuteni vya wachapishaji wa hapa nyumbani kama Mkuki na Nyota au E&D Vision. Vina picha za watoto wanaofanana na wetu, na majina yasiyomvunja mtoto ulimi. Lakini zawadi iliyomfurahisha kuliko kitabu chochote kipya ni noti ya shilingi 10,000 na asubuhi nzima ya kuzurura kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, alipokuja Dar likizo. Sikumchagulia hata kimoja. Alichuchumaa kwenye kile kibaraza kama saa moja na nusu, muuzaji akampa kiti. Alinunua vinne: viwili vya hadithi, kimoja cha nyoka, na kimoja cha ufugaji wa nyuki ambacho mpaka leo sijaelewa kilimvutia nini.

Onyo kuhusu mtumba: hesabuni kurasa za mwisho. Kimojawapo cha zile hadithi kilikuwa kimenyofolewa mwishoni, tukagundua tumeshafika Tabata. Alilia. Kesho yake nikamnunulia kaunta buku na kalamu mbili, nikamwambia amalizie mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa mara ya pili, na hakuandika neno. Basi kaunta buku likarudi Muheza tupu.

Likapata kazi nyingine, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mama yangu, bibi yake, hajui kusoma. Ni Mbondei wa zamani, ana hadithi za sungura, za zimwi na za mke mdogo aliyefichwa ndani ya mtungi, na huwezi kumkamata akarudia hadithi kwa namna ileile. Nilimwomba wifi amrekodi kwa simu, hadithi moja kila Ijumaa jioni, mjukuu akijibu "Pakawa!" kila bibi anapoita "Paukwa!". Mwanzoni nilitaka tu sauti ziwepo. Mtoto ndiye aliyeanza kuziandika kwenye lile kaunta buku, akisimamisha simu kila baada ya sentensi, akimuuliza bibi neno hili ni la Kiswahili au la Kibondei. Akimaliza anamsomea bibi alichoandika. Bibi anambishia: "Sikusema hivyo mimi!" Anasahihisha. Kisha bibi naye anabadilisha, mtoto anakata mstari na kuandika upya. Zilipofika hadithi kumi na moja nilizipeleka mahali pa fotokopi, nikazitolea nakala tatu na kuzibana kwa spairo. Gharama yake haikufika hata nusu ya kile kitabu cha jalada gumu, na ndicho kitabu pekee nyumbani kwao ambacho kila mtu amekishika, hata babu.

Kama mna mzee nyumbani, anzeni hapo kabla hamjaenda dukani.

Kaka mtu ana miaka kumi na miwili, na watu husema hapendi kusoma. Si kweli. Anapenda mpira. Nilikwenda kwa muuza magazeti wa pale stendi, nikamlipa ya miezi mitatu amwekee Mwanaspoti moja kila Jumamosi, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. Kwenda kulichukua mwenyewe, kuitwa kwa jina na muuzaji, hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya zawadi. Sasa anabishana na baba yake kuhusu usajili na ushahidi anao mkononi.

Halafu kuna taa. Nililala kwao usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, nikaona mwanga wa njano unacheza ndani ya chandarua. Mshumaa! Ndani ya chandarua! Sikulala tena. Asubuhi nilinunua taa ndogo ya sola, ile ya kuchaji juani na kuning'iniza, na tangu siku hiyo naiweka taa mbele ya kitabu kwenye orodha yangu ya zawadi. Mtoto anayependa kusoma atasoma usiku, mpende msipende, swali ni atasomea nini. Angalieni tu iwe na mwanga wa kutosha ukurasa mzima, maana zipo zinazomulika sarafu.

Rafu nayo haina gharama mkimpata fundi seremala mwenye mabaki ya mbao. Iwe fupi, mtoto afike mwenyewe. Msiiegemeze ukutani, hasa ukanda wetu huu wa unyevu, na miguu yake isimame juu ya matofali ili mchwa wakija muwaone mapema. Vitabu vitiwe jalada la nailoni.

Kamusi ngojeni afike darasa la tano au la sita. Nilimpa Kamusi ya Kiswahili Sanifu akaanza kuisoma kutoka A kama riwaya, na kila akinipigia simu ananijaribu kwa neno. Nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Na maktaba? Dar tunayo Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoani zipo maktaba za mikoa, Tanga ikiwemo. Uanachama ni zawadi nzuri, ila msilipie ada kama hakuna mtu mzima aliyeahidi kumpeleka. Mimi nililipia, nauli ya Muheza hadi Tanga mjini ikawa haipatikani kila mwezi, ule mwaka ukaisha amekwenda mara mbili tu. Sasa natoa na nauli, katika bahasha ya pembeni yenye maandishi "NAULI YA MAKTABA" ili isigeuke hela ya mboga.

Jambo la mwisho ninalojizuia kwa nguvu zote: simuulizi amejifunza nini. Nikimpa kitabu nakaa kimya. Akitaka kunihadithia atanihadithia, na kwa kawaida huanza katikati ya chakula na hawezi kunyamazishwa.

Juzi nimemuuliza mwaka huu anataka nini. Alifikiri kidogo akasema anataka kufuli. Watoto wa jirani wanaazima vitabu hawarudishi, na kile cha nyuki kimepotea. Nimenunua daftari dogo la kuandikia waazimaji. Kufuli bado nalifikiria.