Mafundi wazoefu hawawaelekezi wageni

SWALI: Nasimamia karakana ya mafundi 12. Wazoefu hawawaelekezi wageni, hata baada ya kuahidi bonasi kwa kila atakayeandika maelezo ya kazi. Nifanyeje?

JIBU: Bonasi ya kuandika huleta makaratasi yasiyosomwa, maana umelipia kurasa. Angalia kwanza unavyowapima. Fundi akipanda cheo kwa kumshinda mwenzake, ujuzi ndio ngao yake, hawezi kuigawa. Weka kipimo cha karakana nzima, kwa mfano mashine ngapi zimerudishwa na wateja ndani ya siku 30.

Halafu kuna muda. Anayefundisha huchelewesha kazi zake, kisha anakaripiwa kwa kuchelewa! Siku anayoelekeza mpunguzie kazi moja, na iandikwe kwenye ratiba, la sivyo itasahaulika wiki ya pili.

Mengi anayojua mzoefu hayaandikiki: sauti ya beringi inayoanza kuchoka, au mkono unavyohisi boliti ikikaribia kukatika. Hayo hufundishwa bega kwa bega. Mgeni ashike spana, mzoefu aongee. Mzoefu akifanya mwenyewe, mgeni hubaki mtazamaji, na kesho atauliza yale yale. Jioni mgeni aandike hatua kwenye ukurasa mmoja, mzoefu asahihishe, na jina la mzoefu likae juu ya ukurasa huo. Kutambuliwa hivyo kuna uzito mkubwa kwa fundi.

Tena, anayeuliza asichekwe kamwe. Kosa likitokea, uliza "ilikuwaje?" kabla ya "nani?", kwani anayeogopa lawama huficha hata anachokijua.