Ganzi kwa upasuaji wa kansa ya ini
Dada, umeuliza kama baba, atakayepasuliwa kansa ya ini hapa Bukavu, atateseka na maumivu siku nyingi. Si lazima. Mwombe daktari wa usingizi achome ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo: mahitaji ya morfini (dawa kali ya maumivu) yanapungua, kichefuchefu pia, na mzee anaketi na kutembea mapema. Mrija wa ganzi mgongoni unatuliza vizuri sana, lakini ini likikatwa damu huweza kuchelewa kuganda kwa siku kadhaa, na kuuchomoa wakati huo kunaweza kuvujisha damu karibu na uti wa mgongo. Hapo ulizeni vizuri kabla ya kukubali. Parasetamoli daktari aipime kulingana na ini lililobaki. Ibuprofeni msimpe kwa kumhurumia, figo zake zinaweza kuumia.