Kinasa sauti kikinyamaza, usikikimbizie kwa fundi

Kambo alizungumza saa nzima na nusu. (Kambo ndiye babu kwetu Lubumbashi, msije mkafikiria mambo ya baba wa kambo.) Tulikuwa uani kwake, Katuba, chini ya mwembe, akinisimulia alivyoingia Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, akiwa kijana, kabla serikali haijaichukua kampuni mwaka 1967. Taa nyekundu ya kinasa sauti iliwaka muda wote na dakika zilikuwa zinahesabika kwenye kioo. Kufika nyumbani, nikabonyeza nisikilize: kisauti cha mbali, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa.

Kesho yake nikakipeleka kwa fundi mmoja kule Kenya, yaani kata yetu ya Kenya, si nchi. Akakifungua, akapuliza vumbi, akasema maikrofoni ya ndani imekufa, dola kumi. Maikrofoni ya ndani! Mimi nilikuwa nimetumia ile ndogo ya kubana kwenye shati. Nikalipa hata hivyo, kwa aibu ya kubishana na mtu mwenye bisibisi mkononi.

Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye plagi. Nyingi ya maikrofoni zinazouzwa kwa ajili ya simu zina plagi yenye pete tatu nyeusi, na vinasa sauti vingi vinataka yenye pete mbili. Zote ni za milimita 3.5, kwa hiyo inaingia bila kugoma, ila ndani nyaya hazikutani zinavyotakiwa. Unapata sauti hafifu au hupati kitu. Dawa yake ni kiungio kidogo cha kugeuza plagi. Na hata plagi ikiwa sahihi, maikrofoni ya namna hiyo hula umeme kidogo kutoka kwenye kinasa sauti chenyewe. Kama umeme huo umezimwa kwenye menyu, itakaa kimya.

Siku hizi naanza na swali moja: sauti imepotea wakati wa kunasa, au wakati wa kusikiliza? Hamishia faili kwenye simu au kompyuta. Likisikika vizuri huko, rekodi yako ni nzima, shida iko kwenye spika au tundu la hedifoni. Changu kiliwahi kuwa bubu kwa sababu kijichuma cha ndani ya tundu kilinasa, mashine ikadhani hedifoni bado zimechomekwa. Nilichomeka na kuchomoa mara saba nane, spika ikarudi.

Faili likiwa bovu kila mahali, lisikilize linavyougua. Sauti ndogo yenye mvumo nyuma yake maana yake ni kwamba usikivu wa maikrofoni uliwekwa chini, au wewe ulikaa mbali nayo. Ukiipandisha baadaye, mvumo nao unapanda. Sogea, sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni zinatosha.

Sauti inayokwaruza ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu haiponi. Vilele vya sauti vikigonga sifuri ya desibeli vinakatwa, na hakuna programu itakayovirudisha kama vilivyokuwa. Mimi hupima kwa sehemu yenye kelele kuliko zote, kwaya inapopandisha kiitikio, na kuacha kipimo karibu na −12. Na usichukue waya kutoka kwenye mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ukauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni. Umeme wa sauti unaotoka huko una nguvu mara nyingi zaidi. Tumia tundu la laini (line in), kama lipo, au waya wa kupunguza nguvu.

Maneno yakikatwa mwanzoni, angalia kama mashine imewekwa ianze kunasa inaposikia sauti tu. Kwa mzee anayefikiri kabla ya kusema, mpangilio huo ni balaa: kila akinyamaza mashine inalala, akianza inaamka imechelewa. Kelele za jirani zikipanda kila mkikaa kimya, ni ule urekebishaji wa sauti wa mashine yenyewe. Zima, uweke kiwango kwa mkono. Mngurumo usiokoma ukiwa umechomeka chaji? Tumia batri. Ile trrr-trrr ya simu mfukoni unaijua. Na upepo wa kiangazi unahitaji sifongo juu ya maikrofoni. Mimi nilianza na soksi.

Nilirudi Katuba na kiungio changu, hedifoni masikioni tangu neno la kwanza. Kambo alikuwa amenionya: “Kuja, lakini usikuje mikono mitupu.” Nilipeleka sukari. Alisimulia vizuri sana, ila hadithi ya baiskeli aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza hakuirudia, na nilipomuuliza akasema ameshanieleza. Ni kweli. Imo kwenye lile faili la pipani, na ninalo mpaka leo.