Chomoa waya kabla hujaamini After=

Jumatatu moja nilifika ofisi ya chama cha akiba na mikopo mjini Busia, upande wetu wa Uganda, nikakuta wanachama wamejaa kwenye benchi na karani amerudia daftari la karatasi. Mama mmoja alihitaji pesa zake kabla lori la samaki halijaondoka. Usiku umeme ulikatika, betri ikaisha, alfajiri umeme ukarudi. Seva iliwaka yenyewe. Programu ya mikopo haikuwaka.

Faili lake la huduma, linalosomwa na systemd (programu inayowasha huduma kwenye Linux), lilikuwa na Requires= (naihitaji hifadhidata) na After= (niwake baada yake) zote mbili (Requires= peke yake haipangi nani atangulie, wengi husahau hili). Tena nilikuwa nimewasha seva upya mara tatu kuijaribu, ikakubali.

Jibu lilikuwa kwenye journalctl -b, amri inayoonyesha kumbukumbu za seva tangu ilipowaka. PostgreSQL, hifadhidata ya programu hiyo, ikizimika ghafla, lazima kwanza ipitie upya rekodi zake za mabadiliko kabla ya kupokea mtu. Siku ile ilichukua kama dakika mbili. Programu ikabisha hodi, ikakataliwa, ikafa. systemd ikaifufua mara kadhaa, kikomo cha mara 5 ndani ya sekunde 10 kikafika, ikaachwa hapo.

Kosa lilikuwa langu. PostgreSQL ile niliijenga mwenyewe, faili lake nikaliandika Type=simple. Kwa systemd, huduma ya aina hiyo huhesabiwa imeshawaka mara tu inapoanzishwa, na After= haisubiri zaidi ya hapo.

Kwenye faili la PostgreSQL weka Type=notify, ili hifadhidata yenyewe iseme "niko tayari"; sharti iwe imejengwa kwa chaguo la --with-systemd. Usisahau kuweka pia TimeoutSec=infinity (isubiriwe bila kikomo). Kikomo cha kawaida cha kusubiri ni sekunde 90, na hifadhidata inayojirekebisha ikikivuka, systemd huiua katikati ya kazi. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Kwenye faili la programu weka Restart=on-failure (ikifa ifufuliwe) na RestartSec=10 (baada ya sekunde 10), kwa kuwa bila RestartSec kati ya jaribio na jaribio hungoja milisekunde 100 tu. Kisha systemctl daemon-reload, ili systemd isome mafaili upya.

Usijaribu kwa kuwasha upya kwa utaratibu. Hapo hifadhidata hujifunga vizuri na tatizo halionekani. Chukua mashine ya majaribio, ingiza data nyingi, chomoa waya wa umeme ikiwa bado inaandika.

Karani nimemfundisha amri moja: systemctl list-jobs. Akiona programu iko kwenye foleni, anawaambia wanachama wasubiri kidogo, na daftari linabaki kabatini.