Maswali ya Wasomaji: Gari la Kale na Uhalisi Wake

SWALI: Mhariri, Alfa Romeo 8C 2300 ya mwaka 1932 inatangazwa kuwa halisi, ilhali bodi yake imebadilishwa. Je, inastahili sifa hiyo?

JIBU: Kwa kiasi kikubwa inastahili, mradi mabadiliko hayo yasifichwe. Enzi hizo fremu na injini ziliweza kupelekwa kwa mafundi wa bodi, kama vile Zagato na Touring wa Milano, wakaziundia umbo kwa matakwa ya mnunuzi. Kwa hiyo kubadilisha bodi hakukuwa kioja. Thamani kubwa imo katika injini iliyobuniwa na Vittorio Jano, yenye silinda nane katika mstari mmoja, zilizogawanywa katika bloku mbili za silinda nne nne, na katikati yake gia zinazozungusha kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali za injini) pamoja na supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mfululizo, kuanzia 1931 hadi 1934.

Mkaguzi na alinganishe namba zilizogongwa kwenye fremu na injini na nyaraka za zamani, akichunguza kama chuma kinachozizunguka kimesagwa au kuchomelewa. Rangi inayong'aa haithibitishi lolote. Mara nyingine, kwa kweli, huficha kutu.